Kwa Nini Watu Huchimba Mifereji

Somo kwa wakatekumeni na watoto wa vijijini

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare miezi ya Juni na Julai ni ya kiangazi. Ardhi hukauka, na njia huwa vumbi tupu. Ndipo mtu mwenye busara hutwaa jembe lake, akachimba mfereji kando ya nyumba yake. Watoto humwuliza: «Baba, mbona wachimba njia ya maji, na maji hayapo?» Swali hilo ni jema. Jibu lake lafaa mwili, lafaa na roho pia.

1. Desturi ya maji

Mwenyezi Mungu ameyapa maji sheria yake: hushuka daima kutoka juu kwenda chini, wala hayapandi mlima. Tone moja halina nguvu. Lakini matone mengi yakikutana huwa kijito, na kijito kikishuka mtelemko huongeza mbio. Na kadiri mbio zinavyozidi, ndivyo kinavyochukua udongo mwingi. Maji ya uwanjani huingia kijitoni, kijito huingia Luama au mto mwingine, Luama huingia Lualaba, na Lualaba, ambao mbele huitwa Kongo, hufika hata baharini.

Mtu hawezi kuizuia mvua. Lakini aweza kuyachagulia maji njia kabla hayajajichagulia yenyewe. Hiyo ndiyo maana ya mfereji.

2. Kazi za mfereji

Kwanza, mfereji hulinda nyumba. Kuta nyingi za vijijini ni za miti na udongo, au za matofali yaliyokaushwa juani. Maji yakisimama chini ya ukuta, udongo huyanywa, hulainika, na ukuta huanguka, pengine usiku, watu wamelala. Kwa hiyo mfereji huchimbwa nje kidogo ya mahali maji ya paa yanapodondokea. Udongo unaotoka hutupwa upande wa nyumba na kushindiliwa, ili nyumba ikae juu. Kingo zilazwe kidogo, zisije zikaporomoka. Na mfereji wote ushuke polepole, pasipo kishimo katikati.

Pili, mfereji hulinda afya. Mwaka 1897, huko India, mganga Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Mbu huyo hutaga mayai yake katika maji yaliyotulia, na kwa muda wa majuma mawili hivi mayai huwa mbu warukao. Maji yaendayo mbio hayampi nafasi. Lakini angalieni: mfereji ulioachwa ukajaa majani na takataka huwa dimbwi refu, nao huwa mwenyewe makao ya mbu. Haitoshi kuchimba, ni lazima kusafisha.

Tatu, mfereji hulinda njia. Mifereji ya kando ya barabara ikiziba, maji hupita katikati na kuikata. Hapo gari lichukualo mgonjwa hukwama, na mpunga wa wakulima haufiki sokoni.

Nne, mfereji huleta maji mahali pasipo nayo. Katika mlima Kilimanjaro, nchi ya Tanzania, Wachagga tangu zamani wamechimba mifereji mirefu iletayo maji ya mito ya mlimani hata migombani mwao. Mfereji mmoja huhudumia watu wengi. Kwa sababu hiyo huutengeneza pamoja, na kila mmoja hupewa zamu yake ya maji.

Watu wamechimba pia mahandaki kwa ajili ya vita. Katika karne ya 19, wakati Nyangwe na Kasongo ilipokuwa miji ya biashara ya watumwa, vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vilizungukwa na boma la miti, na pengine handaki pia, kwa hofu ya kutekwa.

3. Mfereji na jirani

Tuseme baba mmoja amechimba mfereji mzuri. Maji yote ya uwanja wake hutoka upesi. Lakini mwisho wa mfereji wake ni ukuta wa mjane aishiye chini ya mtelemko. Mvua ikinyesha, nyumba ya baba ni kavu, na ya mjane yabomoka. Je, mtu huyo amefanya kazi njema?

Mikono yake imefanya kazi, lakini upendo haukuwepo. Hakumpiga mjane wala hakumwibia. Hata hivyo amemdhulumu, naye yampasa kutengeneza alichoharibu. Kabla ya kuchimba, mtu na auandame mtelemko kwa miguu yake, atazame maji yatafika kwa nani. Ikiwa njia yapita kwa jirani, na wapatane kwanza. Na jirani asiye na nguvu, kama mjane, mzee au mgonjwa, na achimbiwe na wenzake siku ya salongo, pasipo kudaiwa pombe wala kuku.

4. Maandiko Matakatifu yasemaje?

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3, chasimulia habari za wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu. Walikwenda vitani kupigana na Moabu. Baada ya mwendo wa siku saba walikosa maji, wao na wanyama wao. Wakamwendea nabii Elisha. Nabii akawaambia kwa neno la Mungu wachimbe mifereji mingi katika bonde lile kavu: hawataona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa maji. Asubuhi yake, saa ya kutoa sadaka, maji yalikuja, nao wakanywa.

Tazameni: maji yalitoka kwa Mungu peke yake. Mifereji haikuyazaa. Lakini Mungu alitaka watu wachimbe kwanza, katika nchi kavu, kwa kuliamini neno lake.

5. Mfereji wa roho

Neema ya Mungu ni kama maji yale. Hakuna awezaye kuinunua, wala kuistahili kwa nguvu zake. Hata nia njema ya kujitayarisha hutoka kwa Mungu. Lakini Mungu amwalika mtu atengeneze njia rohoni mwake. Mkatekumeni ajifunzaye sala, aachaye uganga wa uongo, arudishaye alichoiba, apatanaye na adui yake, huyo achimba mfereji. Siku ya Ubatizo maji ya uzima yatakuta njia wazi.

Naye Mkristu aliyekwisha kubatizwa asijivune. Mfereji usiosafishwa huziba. Kila jioni na achunguze dhamiri yake, na aikimbilie Sakramenti ya Kitubio, kabla dhambi ndogo ndogo hazijarundikana kama majani makavu.

Maswali

1. Kwa nini mfereji huchimbwa wakati wa kiangazi?
Kwa sababu mvua ikifika, maji yamekwisha kujichagulia njia.

2. Mfereji ulioziba una hatari gani?
Maji hutulia ndani yake, na mbu wa malaria huzaliana humo.

3. Je, yafaa kuelekeza maji kwenye nyumba ya jirani?
La. Ni kumdhulumu, na aliyeharibu yampasa kutengeneza.

4. Nani aliyejaza bonde maji siku za Elisha?
Mungu peke yake; lakini watu walichimba kwa kutii neno lake.

Kazi ya juma hili

Kila mtoto pamoja na wazazi wake na atazame maji ya uwanja wao yaelekea wapi. Kama yamdhuru mtu, na wamwendee mtu huyo kabla ya Dominika, wapatane naye, na kuchimba pamoja.