SHOKA JEMA KWA FEDHA CHACHE

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mna habari za mtu mmoja aliyekuwa akikata mti kando ya mto Yordani. Alipokuwa akikata, chuma cha shoka kilichomoka kikaanguka majini. Mtu yule akalia kwa huzuni, maana shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Siku zile chuma kilikuwa kitu cha thamani kubwa, na mwenye kukipoteza cha mwenziwe alibaki na deni zito. Nabii Elisha akamhurumia, na kwa uweza wa Mungu chuma kikaelea, naye akakitwaa.

Watu wengi hukumbuka mwujiza ule, lakini ni wachache waulizao neno hili dogo: kwa nini chuma kilitoka? Kilitoka kwa sababu mpini haukukishika barabara. Hata leo mashoka mengi huharibika kwa njia hiyo hiyo, wala si mashoka tu yaharibikayo, bali na watu huumia.

Basi mtu anayetaka kununua shoka, hasa mwenye fedha chache, yampasa kujua kwamba shoka ni mambo matatu: chuma, mpini, na mahali vinapoungana. Mpini mbaya waweza kubadilishwa kwa kazi ya siku moja. Kiungo kilicholegea chaweza kukazwa kwa kabari. Lakini chuma kibaya hakitengenezeki nyumbani. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: fedha na ziende katika chuma.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na afikiri juu ya kazi yake. Shoka la kuangushia miti mikubwa lina chuma chenye uzito wa ratili tatu na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo moja na nusu, na mpini wake hufika sentimita 80 au 90. Shoka kama hilo hutaka mikono miwili ya mtu mzima mwenye nguvu. Lakini msafiri aendaye kwa miguu na kupiga kambi porini hana haja nalo. Kazi yake ni kuchanja kuni kavu za kupikia, kuchonga vigingi vya hema, na kukata matawi yaliyoanguka. Kwa kazi hizo chamtosha kishoka, ambacho chuma chake kina uzito wa ratili moja hata moja na nusu, yaani gramu 450 hata 700, na mpini wa sentimita 30 hata 40. Mwenye kununua shoka kubwa kupita kazi yake hulipa fedha za bure, kisha hulichukua begani safari nzima kama adhabu.

Tena chuma si cha namna moja. Chuma laini hupindika upesi, na makali yake hujikunja kama ukingo wa kopo. Feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, yaani kile kitu kilichomo katika makaa. Kwa shoka, nusu ya sehemu moja katika mia, au zaidi kidogo, yatosha. Uchache huo ndio ugeuzao tabia ya chuma. Feleji ikipashwa moto hata iwe nyekundu, kisha ikatiwa ghafula katika maji au mafuta, huwa ngumu sana. Lakini ugumu huo wa kwanza una hatari, maana feleji huweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi huipasha tena kwa moto wa kiasi, apate kupunguza ugumu na kuongeza ustahimilivu. Kazi hiyo huitwa kutia matiko.

Maarifa haya si mageni katika Afrika ya Mashariki. Watu wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walijua kuyeyusha chuma katika tanuu za udongo tangu zamani sana. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza ya kwamba tanuu zilizochimbuliwa huko zilikuwa za miaka 1,500 hata 2,000 iliyopita, na ya kuwa ufundi ule uliweza kutoa feleji. Katika nchi ya Ufipa tanuu zilijengwa ndefu kupita kimo cha mtu, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Wahunzi wa Upare nao walisifiwa, na Wachaga wa Kilimanjaro walinunua chuma chao. Kwa hiyo mtoto asidhani kwamba shoka jema sharti litoke ng'ambo. Siku hizi wahunzi wengi hawayeyushi tena mawe ya chuma. Hufua mashoka kwa vyuma vikuukuu, na springi za motokaa hupendwa sana, maana zimefanywa kwa feleji.

Ndugu wawili, mtu na mdogo wake, walitumwa sokoni kununua kishoka cha kambi ya shule. Dukani waliona kishoka kilichopakwa rangi nyekundu tangu chuma hata mpini. Mkubwa akakitaka mara moja, kwa kuwa kilipendeza na bei yake ilikuwa ndogo. Lakini mdogo akasema, "Kaka, rangi haikati kuni. Twende kwanza kwa mzee mhunzi." Wakaenda, wakamkuta ameketi penye fuawe lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwataka nini?"

"Twataka kishoka, babu, lakini fedha zetu ni chache."

Mzee akacheka, akasema, "Mwenye fedha chache ndiye apaswaye kutazama sana. Tajiri akikosea atanunua kingine."

Akatwaa chuma cha kishoka kisicho na mpini, akakitundika kwa kamba, akakigonga polepole kwa msumari. Kikalia kama kengele. "Chuma kizima hulia," akasema, "bali chenye ufa hutoa sauti mbovu, kama chungu kilichopasuka." Kisha akatwaa tupa, akaipitisha kidogo juu ya makali. "Tupa ikizama kama katika risasi, chuma ni laini mno. Ikiteleza kama juu ya kioo, wala isiume hata kidogo, chuma ni kigumu mno, nacho kitamegeka. Katika chuma chema tupa huuma, lakini kwa shida." Mwisho akawaonyesha rangi ya makali. "Mkiona makali yamegeuka rangi ya samawati, jueni ya kuwa yalipata moto mwingi yaliponolewa kwa mashine, na matiko yametoka. Msinunue."

Mkubwa akauliza, "Na mpini je, babu?"

"Mpini sikuuzii," mzee akajibu. "Miti iko, na mikono unayo. Ukinunua chuma peke yake bei hupungua, na mpini uliouchonga mwenyewe utaujua ndani na nje."

Wale ndugu wakanunua chuma, wakaenda zao. Walipofika nyumbani baba yao akawapa gongo la mkole lililokwisha kauka, wakaanza kuchonga.

Mashoka huungwa kwa njia mbili. Katika shoka la asili la Kiafrika, chuma kina mkia mwembamba upenyao katika kichwa kinene cha mpini. Kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi, basi shoka huzidi kukaza kwa kutumiwa. Lakini kichwa cha mpini kisipokuwa kinene na cha mti mgumu, hupasuka. Katika shoka la namna ya Kizungu tundu limo katika chuma chenyewe. Mpini huingizwa humo, kisha kabari hupigwa katika ncha yake ili kuipanua. Hapo mnunuzi na atazame kwa makini: mpini ujaze tundu lote, pasiwe na nafasi, na kabari iwe imezama. Tena ashike mpini na kutazama kwa jicho moja, kama mtu anyooshaye mshale: makali na mpini sharti viwe katika mstari mmoja. Shoka lililopindika hupiga kando, na pigo la kando huweza kuishia mguuni.

Mpini mwema una dalili zake. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja tangu kichwa hata mwisho. Zikikatiza kando, mpini utavunjika hapo. Usiwe na fundo wala tundu la mdudu. Rangi nzito huweza kuficha nyufa, kwa hiyo mpini usio na rangi ni afadhali. Huko Marekani watu hupenda mti uitwao hikori, na Ulaya mti uitwao ashi, kwa kuwa miti hiyo ni migumu nayo hunyumbuka. Katika Afrika ya Mashariki mkole hutoa mipini mizuri, na hata mpera ulio uani hufaa. Mti na ukatwe mapema, ukaushwe kivulini kwa majuma mengi. Mti mbichi ukitiwa katika shoka, baadaye hukauka na kusinyaa, na chuma hulegea.

Kuna watu ambao shoka likilegea hulilaza majini usiku kucha. Asubuhi huliona limekaza, wakafurahi. Lakini maji yakiisha kukauka, mpini hulegea kupita mwanzo, maana nyuzi zake zilipovimba zilijibana na kusagika. Dawa ni kabari mpya. Wengine mpini ukivunjika hulitupa shoka zima motoni ili kuunguza kipande kilichobaki tunduni. Hao huliua shoka lao kwa mikono yao, kwa kuwa moto huondoa matiko. Afadhali kukitoboa kile kipande kwa keekee, kisha kukisukuma nje kwa nyundo na kijiti kigumu.

Na sasa hesabu ya bei. Ikiwa kishoka kimoja chauzwa shilingi 8,000, nacho hudumu mwaka mmoja tu, gharama yake ni shilingi 8,000 kwa mwaka. Ikiwa kingine chauzwa shilingi 12,000, nacho hudumu miaka 6, gharama yake ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Kilichoonekana ghali dukani ndicho kilicho rahisi nyumbani. Walakini si kila cha ghali ni chema. Chuma kikuukuu chenye kutu huweza kuwa feleji bora kwa bei ndogo sana. Kutu ya juu hutoka kwa mchanga na mafuta. Mwenye kukinunua na aangalie tu kwamba tundu halina ufa, na kwamba mgongo wake haukutanuka kama uyoga kwa kupigwa nyundo.

Shoka likiisha kununuliwa, kazi ya akili haijaisha. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, chafundisha ya kuwa chuma kikiwa butu mtu hulazimika kuongeza nguvu. Ndivyo ilivyo, na hatari huongezeka pamoja na nguvu hizo, maana makali butu huteleza juu ya mti badala ya kuingia. Kwa hiyo kinoo kisiachwe nyumbani. Mwenye kishoka kifupi na apige magoti mbele ya gogo, ili pigo likikosa liishie ardhini. Asiruhusu mtu kusimama karibu naye. Safarini makali yafunikwe kwa ala ya ngozi. Na kuni azikatazo ziwe zilizokauka, wala asijeruhi mti ulio hai kwa kujaribu makali yake.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yatajwa habari ya mtu aliyekwenda mwituni pamoja na jirani yake kukata miti. Chuma kikachomoka mpinini, kikampiga jirani, akafa. Mtu yule hakuwa na uadui naye, na sheria ilimpa mji wa kukimbilia ili asiuawe. Lakini jirani hakurudi nyumbani. Kwa ajili hiyo mwenye shoka na alitikise kila asubuhi kabla ya kazi, alitazame kabari na mpini. Likiwa limelegea, asikate hata kijiti kimoja mpaka amelikaza. Kazi hiyo haina gharama, na maskini aweza kuifanya sawasawa na tajiri.

MASWALI

1. Shoka ni mambo gani matatu, na kwa nini fedha ziende kwanza katika chuma?
2. Kutia matiko ni nini? Taja mambo mawili yanayoweza kuyaondoa.
3. Mzee mhunzi alijaribu chuma kwa njia zipi?
4. Eleza njia mbili za kuunga chuma na mpini.
5. Kwa nini si vema kulilaza majini shoka lililolegea?
6. Kishoka kimoja chauzwa shilingi 9,000 nacho hudumu miaka 2. Kingine chauzwa shilingi 15,000 nacho hudumu miaka 5. Kipi kina gharama ndogo kwa mwaka, na tofauti yake ni shilingi ngapi?