SOMO LA MWEZI: MLANGO NA KIPIMO

Soma: Matendo ya Mitume 6:1–7, Kutoka 18:13–23



Kila nafasi za kazi za umma zinapotangazwa, vijana wetu hubishana. Wengine husema, "Apewe mwenye alama za juu, basi." Wengine hujibu kwamba alama peke yake huwaacha nje wasichana, watu wenye ulemavu na watoto wa vijijini. Kila upande una neno la haki. Na tuyatazame Maandiko.

1. Mlango ulifunguliwa. Katika Kanisa la Yerusalemu, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walionung'unika. Waliita mkutano wote. Angalia majina ya wale saba katika mstari wa 5. Yote ni ya Kiyunani, na Nikolao alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Upande uliosahauliwa ulipewa nafasi ya kuhudumu.

2. Kipimo hakikushushwa. Kabla ya kutajwa jina lo lote, Mitume walitaja sifa: ushuhuda mwema, Roho na hekima. Yethro naye alimshauri Musa atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu na kuchukia rushwa. Basi tusidhani kwamba kumkumbuka aliyesahauliwa ni kuweka mtu asiyeweza kazi.

3. Nchi yetu imepita njia hii. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, vyeo vingi vya juu serikalini vilishikwa na Wazungu, maana shule za kikoloni ziliwatenga watoto kwa rangi. Mwaka 1962 serikali ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa iliharakisha kuwapandisha Waafrika. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia wote wahesabiwe sawa katika kuajiriwa na kupandishwa cheo, bila kujali rangi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipinga. Twajifunza kwamba upendeleo wa namna hii ni kama dawa: una ugonjwa wake, na una mwisho wake.

Hata leo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila 100. Lakini humtaka mwombaji naye awe na sifa za kazi hiyo. Mlango na kipimo vyakaa pamoja.

4. Kwetu Busisi. Kabla daraja letu halijafunguliwa Juni 19, 2025, kijana wa hapa aliyeitwa kwenye usaili Mwanza alitegemea kivuko, hali mwenzake wa mjini alikwenda kwa miguu. Kuchelewa kwake hakukuwa kipimo cha akili yake. Daraja limeondoa kizuizi hicho, lakini halimjibii mtu maswali ya usaili.

Je, kijana mwenye alama za juu akiachwa kwa ajili ya mgawo? Uchungu wake ni wa kweli, tusimdharau. Ndiyo maana kanuni itangazwe mapema, nayo iwe moja kwa wote. Lakini tuulize pia: ni nani hasa aliyechukua nafasi yake? Mara nyingi si binti wa maskini wala asiyeona, bali ni mpwa wa mkubwa. Huo si mgawo, wala si sifa, ni kujuana. Nasi tusiwanyoshee wakubwa kidole tu. Tunapochagua mtunza hazina wa kanisa, je, twatazama uaminifu, au twatazama ukoo?

MASWALI YA KUJADILIANA
(a) Ni nani katika mtaa wetu ambaye hajawahi kuombwa kutumika, ingawa anaweza?
(b) Je, sifa za kila kazi ya kanisa zimetajwa kabla ya majina?
(c) Mzazi afanye nini ndugu yake mwenye cheo akiahidi "kumsaidia" mwanawe?

SALA
Ee Bwana, usiyependelea uso wa mtu, tupe masikio ya kuwasikia waliosahauliwa, na mioyo ya kutenda kwa haki. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.