Kufundisha Njia ya Mwanga kwa Taa ya Pikipiki

"Mwanga husafiri katika mstari ulionyooka." Sentensi hii huandikwa ubaoni kila mwaka, nao wanafunzi huinakili na kuikariri. Lakini mtoto wa Mbagala au Tandale aisemaye bila kukosea huenda asitambue kwamba ndiyo ielezayo kwa nini taa ya bodaboda humpiga machoni atembeapo kando ya barabara alfajiri. Ni kazi ya mwalimu kuyaunganisha mambo haya mawili. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu wamehimizwa kuyatumia mazingira ya shule katika kufundisha. Na katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke pikipiki ni sehemu ya mazingira hayo. Yafuatayo ni maelezo ya somo la vipindi viwili kwa Darasa la Sita.

Madhumuni

Baada ya somo mwanafunzi aweze:
(a) kuthibitisha kwa kupima kwamba mwanga hunyooka;
(b) kukokotoa, kwa uwiano, mahali mwanga wa taa unapofika chini;
(c) kueleza hatari ya taa iliyoinuka au kuinama mno.

Vifaa

Kurunzi, futikamba, chaki, penseli, na pikipiki ya mwalimu au ya mzazi aliyekubali.

Kipindi cha Kwanza: Kurunzi

Funga madirisha ili chumba kiwe na giza kiasi. Laza kurunzi juu ya meza, mita 1 kutoka ukutani, na mwanafunzi mmoja aweke alama katikati ya duara la mwanga. Sasa weka penseli chini ya ncha ya mbele ya kurunzi. Mwanga umepanda kiasi gani? Wapime. Kisha uliza: meza ikisogezwa hadi mita 2, mwanga utapanda kiasi gani? Kila kikundi kiandike makisio yake kabla ya kupima. Usiwaambie jibu. Watakapoona kwamba umbali ukiwa mara mbili kupanda nako huwa mara mbili, watakuwa wameigundua kanuni kwa mikono yao wenyewe.

Kipindi cha Pili: Pikipiki

Chagua uwanja tambarare mbele ya ukuta ulio kivulini. Pikipiki iuelekee ukuta sawasawa, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani. Matairi yawe na upepo wa kutosha. Mwenye pikipiki aketi kitini, pikipiki ikiwa wima bila stendi.

Wanafunzi wapime kimo cha katikati ya taa kutoka chini, tuseme sm 85, na kukichora ukutani. Washa mwanga mfupi. Kipimo kifaacho ni mwanga kushuka sm 1 kwa kila mita 1. Hivyo ukingo wake wa juu uwe sm 5 chini ya alama. Kwa kuwa nchini kwetu huendeshwa kushoto, mwanga usielemee kulia, wanakotoka wenzetu.

Sasa darasa likokotoe. Mwanga ukishuka sm 1 kila mita, utafika chini baada ya mita 85. Ukishuka sm 5 kila mita, utafika mita 17 tu. Pikipiki iendayo km 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde. Basi dereva huyo huona mbele kwa zaidi kidogo ya sekunde moja.

Kisha mwalimu mwingine apande nyuma kama abiria. Springi za nyuma hudidimia na taa huinuka. Ikiwa kati ya magurudumu ni sm 125, na nyuma imeshuka sm 2.5, pikipiki imeinama sm 2 kwa kila mita. Mwanga uliokuwa ukishuka sm 1 sasa hupanda sm 1. Mita 40 mbele utakuwa kwenye kimo cha sm 125. Mwite mwanafunzi wa kimo cha wastani, apimwe kutoka chini hadi machoni. Darasa litajionea lenyewe. Kwa hiyo pikipiki ya abiria ipimwe ikiwa na abiria.

Pikipiki nyingi ndogo zina skrubu chini ya taa, au boliti mbili pembeni. Mwenye pikipiki alegeze, arekebishe na kukaza. Wanafunzi wapime tena.

Tahadhari

Mtu yeyote asiitazame taa wala kusimama kati yake na ukuta. Wanafunzi wakae mbali na bomba la moshi. Injini ikilazimu kuwashwa, kazi ifanyike nje.

Tathmini

Usiwatake waikariri kanuni. Uliza: taa ina kimo cha sm 80, na mwanga hushuka sm 2 kila mita, utafika wapi? Kisha kila mwanafunzi amweleze mtu mzima nyumbani kwa nini taa hupimwa abiria akiwa amepanda, na kesho yake alieleze darasa aliulizwa nini na alijibuje. Mtoto awezaye kulijibu swali la mwendesha bodaboda ameelewa somo.