Bipu ya Saa 11 Alfajiri

Betri ya simu niliyouziwa karibu na stendi ya Bukoba ilikata moto usiku. Kulipopambazuka, binamu yangu wa Hamugembe alikuwa ananigongea mlango huku Kashai, anahema, anauliza kama niko mzima. Alitumwa na shangazi yetu aliyeko Rutabo, wilayani Muleba. Shangazi alibipu saa 11, kama kawaida yetu kabla ya sala, hakujibiwa. Akabipu tena, kimya. Ndipo yeye, ambaye vocha huikwangua kwa kuihurumia, akapiga simu yenyewe kuwaamsha watu.  

Asubuhi ile nilifurahi kupita kiasi, maana niliona kwamba nina mtu ambaye hawezi kuendelea na sala yake bila kujua nilipo.

Vijana wa usharika wetu huniuliza wafanyeje ili sala iwe ya kila siku. Huwajibu hivi. Hatua ya kwanza, chagua saa na mahali. Ya pili, soma Neno kabla hujaanza kuomba. Zaburi moja yatosha. Hayo mlifundishwa tangu kipaimara. Hatua ya tatu ndiyo niliyoihangaikia miaka: tafuta mtu wa kubipiana naye.

Kwa nini mtu? Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipobomoa nyumba zetu, watu walilala nje na kusali nje, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu uani pamoja. Sijawahi kusikia mji huu ukiomba vile. Nyumba zilipozibwa nyufa, kila mtu akarudi chumbani kwake, na sala nyingi zikaishia kwenye shukrani ya chakula. Hofu ilituamsha sote, ila hakukuwa na wa kumwamsha mwenzake baada yake. Wazee wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapitia Uganda hadi Buhaya, walilijua hili. Walikutana, wakaulizana hali ya roho bila kuoneana haya. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Sasa bipu yenyewe. Anayeamka kwanza anabipu, mlio mmoja, anakata. Mwenzake anarudisha. Hakuna kupokea! Ukipokea mtaanza habari za bei ya kahawa na mnyauko wa migomba, na kutakucha. Tumia kitochi. Simu kubwa ina magrupu ya ukoo, na ukishasoma tanzia na michango ya harusi, moyo umekwishatawanyika. Kitochi cha shangazi kimefungwa kwa mpira ili mfuniko usidondoke, na mlio wake unasikika hadi jikoni.

Mimi ni wa KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Shangazi ni Mkatoliki wa Rutabo, alikokuwa askofu Laurean Rugambwa kabla ya kufanywa Kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika. Yeye anashika rozari, mimi nafungua zaburi. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama inafaa. Nilimwonyesha daftari la majina tunayoyaombea, akaliangalia muda mrefu, kisha akaniomba niandike jina la mwanawe.

Daftari ni kaunta buku la kwaya mbili. Yale mazuri yenye jalada la msalaba, yanayopangwa mezani siku za mikutano ya injili, kurasa zake huchomoka mapema. Jumapili jioni tunapigiana simu ya kweli. "Tumsifu Yesu Kristo," ananianza, nami najibu, "Milele na milele, amina." Kisha ananipa majina yake nami nampa yangu: mgonjwa aliyelazwa Ndolage, mtoto anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, jirani mvuvi wa Kemondo. Mimi naombea ya kwake, yeye ya kwangu. Hapo ndipo penye nguvu. Ya kwangu ningeweza kuyaahirisha, ya shangazi siwezi, kwa sababu Jumapili ataniuliza. Jambo likijibiwa naandika tarehe pembeni.

Hata Novemba, senene wanapotua na mtaa mzima unakesha chini ya taa na mabati, bipu ya Rutabo haikosi.

Wewe uliye Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam, na una mama, bibi au shangazi Muleba, mpigie leo jioni. Pangeni saa, naye akupe majina yake.