Maswali na Majibu: Nani Anaruhusiwa Kutumia ac.tz na go.tz?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa Kiabakari, Butiama, Bunda na Musoma hujazana steshenari kuomba vyuo na mikopo. Maombi hayo hupita mtandaoni, na mwombaji hulipa ada akiamini kwamba tovuti iliyo mbele yake ni ya chuo au serikali kweli. Imani hiyo hutegemea herufi chache za mwisho wa anwani.

Herufi hizo zinamaanisha nini?

Kikoa cha Tanzania ni .tz, na chini yake kuna mafungu. go.tz ni ya taasisi za serikali, mil.tz ya jeshi, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichopo Butiama, kinatumia mjnuat.ac.tz, na Bodi ya Mikopo inatumia heslb.go.tz. co.tz ni ya biashara, na masharti yake ni mepesi zaidi.

Nani anakagua?

Msimamizi wa .tz ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). go.tz iko chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Kwa mafungu mengine, mwombaji hupitia kwa wakala wa usajili, na hapo ndipo penye udhaifu: wakala hupata kipato kwa jina alilosajili, si kwa jina alilokataa. Asiposimamiwa, sharti hubaki kwenye karatasi.

Kuna mahali masharti yalishindwa?

Ndiyo. Kikoa cha .pro kilifunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya madaktari, wanasheria na wahasibu waliothibitishwa. Mwaka uliofuata wakala mmoja wa Marekani alipata mwanya: kampuni yake ilisajili majina kama mwenye sifa, kisha ikawaachia wateja wasio na taaluma wayatumie. Mwaka 2008 masharti yalilegezwa, na 2015 yakaondolewa kabisa. Leo yeyote anaweza kununua .pro, kwa hiyo herufi hizo hazimthibitishi daktari wala wakili.

Na mahali yalipofanikiwa?

Kikoa cha .bank, kilichoanza 2015, humhakiki mwombaji kabla ya kumpa jina, na uhakiki hurudiwa baadaye. Katika .aero, cha sekta ya usafiri wa anga, na .museum, cha makumbusho, kuna utaratibu rasmi wa kupinga usajili wa asiyestahili. Mambo haya mawili ndiyo kiini cha usimamizi: kurudia ukaguzi, na kuwapa watu mahali pa kulalamika. Chuo kinaweza kusajiliwa kihalali leo na kufutiwa ithibati kesho. Anwani isipofuatiliwa, itaendelea kukinadi.

Mwombaji ajilinde vipi?

Asome jina la tovuti kuanzia mwisho wake, kabla ya mkwaju unaofuata jina hilo. Anwani inayoanza na heslb.go.tz lakini jina likamalizikia .com si ya Bodi ya Mikopo. Akumbuke pia kwamba NMB na CRDB zinatumia co.tz, fungu ambalo hata kampuni ndogo hupata. Kwa benki, herufi za mwisho pekee si uthibitisho. Anwani ichukuliwe tawini. Na hata tovuti halali huweza kudukuliwa, kwa hiyo ombi la kutuma ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi likataliwe popote linapotokea.

Nini kifanyike sasa?

TCRA idai uthibitisho mpya wa ithibati kila jina la ac.tz linapohuishwa, na mawakala wanaopitisha wasiostahili wapoteze leseni. Wazazi nao, kabla ya kulipa hata shilingi moja, wahakikishe jina la chuo kikuu limo kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, katika tovuti ya tcu.go.tz.