Chungulia Kabla ya Kufungua

Swali: Nimetumiwa faili la picha.tar.gz. Nilifungue vipi kwenye Linux bila kuvuruga mafaili yangu?

Jibu: Chungulia kwanza. Andika tar -tf picha.tar.gz, utaona orodha ya vilivyomo na hakuna kitakachoguswa. Wengi huiruka hatua hii, kisha mafaili yanatapakaa kila mahali na kufuta mengine yenye majina yale yale. Mimi hutengeneza folda kabisa: mkdir mpya, halafu tar -xf picha.tar.gz -C mpya.

Siku utakapofunga furushi lako mwenyewe, jina lake lifuate herufi f papo hapo: tar -czf barua.tar.gz barua. Ukiandika tar -czf ripoti.txt barua, furushi litaandikwa juu ya ripoti yako, nayo imekwenda. Programu ya tar, iliyoanzia kwenye Unix mwaka 1979, haiulizi. Na kuhusu ulichotumiwa, usifute furushi la awali kabla hujahakikisha picha zote zinafunguka.