VVU na Vijana Walio Katika Hatari Zaidi: Maelezo kwa Wazazi na Walezi

Maelezo haya yanawahusu wazazi, walezi na jamaa wote wanaoishi na vijana hapa England. Yanamhusu zaidi kijana asiye na mtu wa karibu wa kumweleza siri zake: aliyeletwa kuishi kwa ami au shangazi baada ya kufiwa, aliyefika peke yake kuomba hifadhi, aliyefukuzwa nyumbani, au aliyebakwa safarini. Kijana huyo yumo hatarini si kwa sababu ya tabia mbaya. Mara nyingi ni kwa kuwa yule anayempa malazi au chakula humdai malipo asiyoweza kuyakataa.

Matibabu ya VVU katika NHS ni bure. Tangu Oktoba 2012 hatozwi mtu yeyote, hata asiye na kibali cha kuishi nchini. Kabla ya hapo baadhi ya wageni walilipishwa, na wako jamaa ambao mpaka leo huonyana kwa habari hiyo ya zamani. Kupatikana na VVU si sababu ya kunyimwa hifadhi. Kliniki za magonjwa ya zinaa humpokea kijana bila barua ya daktari, na aliye chini ya miaka 16 anaweza kwenda bila mzazi. Siri yake hutunzwa, isipokuwa wahudumu wakihofia kwamba yeye au mwingine atapata madhara makubwa. Kipimo cha damu cha maabara hutoa jibu la uhakika siku 45 baada ya tukio la hatari.

Kijana akibakwa, au kondomu ikipasuka, msingoje hadi Jumatatu. Dawa iitwayo PEP huweza kuzuia maambukizi iwapo itaanzwa kabla ya saa 72 kupita, na afadhali ndani ya saa 24. Humezwa kwa siku 28. Kliniki ikiwa imefungwa, nendeni idara ya dharura ya hospitali. PrEP ni dawa nyingine, ya kutumiwa kabla ya hatari na mtu asiye na VVU. Hutolewa bure katika kliniki hizo hizo.

Wako pia vijana waliozaliwa na VVU. Wengi wao huambiwa kwamba vidonge wamezavyo ni vya kifua au ni vitamini. Uongo huo hutokana na huruma, lakini haudumu. Mtoto akifika miaka 14, asiyejiona mgonjwa, huacha kumeza dawa kimyakimya. Virusi huongezeka, na huweza kuwa sugu kwa dawa. Ni bora aanze kuelezwa kidogo kidogo angali shule ya msingi, mkisaidiwa na wahudumu wa kliniki, na autambue ugonjwa kwa jina kabla ya kuingia sekondari. Maneno machache yatosha: “Una virusi katika damu yako. Dawa hizi huvizuia visikudhuru. Hukufanya kosa lolote.” Mama huogopa swali litakalofuata, yaani ni nani aliyemwambukiza. Alijibu kwa ukweli, hata kama atalia.

Kijana anayemeza dawa kila siku, virusi vyake hupungua hadi visionekane katika vipimo. Akidumu hivyo, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana, na anaweza kupata watoto wasio na VVU. Dua haizuii dawa, wala dawa haizuii dua. Ila mitishamba ielezwe kwa daktari, kwani baadhi yake huipunguzia dawa nguvu. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na kliniki mapema. Mara nyingi kidonge cha mara moja kwa siku huweza kumezwa wakati wa kufuturu au wa daku.

Mkalimani wa Kiswahili hulipiwa na NHS. Msimtumie mtoto wala jirani kutafsiri. Ukihofia kukutana na mtu wa mtaani kwenu, omba mkalimani wa simu. Huna haja ya kumtajia jina lako.